ZZ inageuka njano, inalegea au haikui: anza na udongo, majani baadaye

ZZ, ule mmea wa ndani wenye majani ya kijani yanayong'aa, ikikuonyesha jani la njano leo, kosa lenyewe lilifanyika wiki kadhaa nyuma. Huo ndio ugumu wa kuutibu mmea huu. Mchicha ukikosa maji asubuhi, jioni unakuambia. ZZ inakaa kimya, inatumia akiba yake, na siku inapoanza kulalamika umeshasahau ulichokifanya. Hapo wengi hukimbilia kulitibu jani: wanalipulizia dawa, wanalipangusa kwa mafuta, wanahamishia chungu juani, wanaongeza maji. Jani halina kesi. Kesi iko chini, kwenye viazi, yaani yale mashina manene yaliyo ndani ya udongo ambamo mmea huweka maji yake.

Inasaidia kujua mmea wenyewe umetoka wapi. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni upande huu wetu wa Afrika: Kenya, Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, hadi kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliuandika mwaka 1829, lakini biashara yake ilishika kasi katikati ya miaka ya 1990, pale Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Ndiyo maana leo tunauziwa kando ya barabara kama ua la kigeni lenye jina la herufi mbili, na bei ya kigeni pia.

Porini ZZ huishi chini ya kivuli cha miti. Masika hunywa, kisha huja miezi ya ukavu, nayo huishi kwa maji iliyoyaweka kwenye viazi vyake na kwenye sehemu nene za chini za matawi. Ukavu ukizidi, hudondosha majani, inabaki na viazi na vipande vya matawi, inasubiri mvua. Mmea wa namna hiyo ukiuweka sebuleni na kuumwagilia kila Jumamosi kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya usafi, unauletea masika yasiyoisha.

Kabla hujagusa chochote, nyanyua chungu. Chungu kizito siku kumi baada ya kumwagilia kinakupa nusu ya jibu. Kisha chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka karibu na chini, kiache dakika chache, kitoe. Kikitoka kikavu na safi, chini ni pakavu. Kikitoka na udongo umegandamana nacho, au kimebadilika rangi kwa unyevu, chini bado kuna maji hata kama juu pamepauka kama jangwa. Kidole hakitoshi, maana kidole hufika sentimita tano tu, na viazi vya ZZ iliyokomaa viko chini zaidi ya hapo. Mwisho, bonyeza tawi pale linapotokea kwenye udongo. Likiwa gumu kama muwa, tulia. Likibonyea, endelea kusoma.

Majani ya njano

Kwanza ondoa hofu isiyo na msingi. Tawi moja la zamani, la chini kabisa, likigeuka njano taratibu huku mengine yakiwa ya kijani na machipukizi yanatoka, huo ni uzee. Likate karibu na udongo, maliza.

Tatizo ni pale njano inapotokea kwenye matawi mawili au matatu kwa pamoja, hasa ikipanda kutoka chini, na tawi lenyewe likiwa laini kwenye kitako. Hapo viazi vinaoza au vimeshaoza. Chanzo ni maji, lakini neno "maji mengi" linapotosha kidogo, kwa sababu watu husikia "nilimwaga kikombe kikubwa". Unaweza kumwagilia ndoo nzima kwa siku moja na usidhuru kitu, mradi maji yote yatoke na udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Kinachoua ni udongo kukaa na unyevu bila hewa, siku baada ya siku. Kikombe kidogo kila siku mbili kinaua vizuri kuliko ndoo moja kwa mwezi.

Unyevu huo hukaa kwa sababu ambazo si lazima ziwe mkono wako. Chungu cha pambo kisicho na tundu ndicho kinachoongoza. Unanunua ZZ ikiwa kwenye kopo la plastiki, unaitumbukiza ndani ya chungu kizuri cheupe kilichozibwa chini, na maji yanayotoka kwenye kopo yanatuama pale chini bila wewe kuyaona. Inua kopo, tazama. Nimeona ofisi moja ambapo chini ya kila ZZ palikuwa na maji ya kina cha vidole vitatu, yana rangi ya chai na harufu ya mtaro, na huku juu muhusika akisema mmea unakauka, majani yanadondoka.

Kuna pia udongo wenyewe. Vitalu vingi hupandia udongo mwekundu mzito uliochanganywa na samadi, kwa sababu kwenye kiriba, juani, ukimwagiliwa kila siku, unafaa. Huo huo ukiingia sebuleni kwenye kivuli hugeuka tofali lililolowa. Na kuna chungu kikubwa kupita kiasi: mtu anahamishia ZZ changa kwenye chungu cha ukubwa wa ndoo "ili isije ikasumbua baadaye". Mizizi michache haiwezi kuyanywa maji ya udongo wote ule, basi yanabaki.

Kokoto chini ya chungu hazisaidii. Najua kila fundi bustani anaziweka. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye tabaka la mawe. Hukaa juu ya mawe, kwa hiyo eneo lenye majimaji linasogea karibu zaidi na viazi. Kama tundu ni kubwa na udongo unatoka, weka kipande cha neti ya dirisha au kigae kimoja juu yake, basi.

Kuutoa mmea na kuukata

Ukishashuku uozo, usisubiri uthibitisho wa pili. Utoe mmea. ZZ haifi kwa kutolewa chunguni. Ni miongoni mwa mimea michache ya ndani ambayo unaweza kuichomoa, kuikagua na kuirudisha bila kuichukiza. Laza chungu kwa ubavu, kanda kingo zake kama ni plastiki, vuta kwa kushika kitako cha matawi yote kwa pamoja. Kama ni chungu cha udongo na mmea umeng'ang'ania, pitisha kisu cha jikoni kuzunguka ukingo. Vaa glavu, au mfuko wa nailoni mikononi, kwa sababu utomvu wake unawasha. ZZ ni ndugu wa magimbi, na aliyewahi kumenya magimbi mabichi anajua ninachosema.

Pukutisha udongo. Kiazi kizima cha ZZ ni cha duara, rangi yake ya kahawia hafifu au ya maziwa, na ukikibonyeza kinakataa. Mizizi yake ni minene na myeupe. Kilichooza kinabonyea kama ndizi iliyopitiliza, ngozi inateleza na kubaki mkononi, na harufu yake huna haja ya kuelezwa na mtu. Mizizi iliyooza ukiivuta inabaki kama ganda tupu.

Kata kila kilicho laini mpaka ufike kwenye nyama ngumu, safi, isiyo na mstari wa kahawia. Pangusa kisu kwa spiriti kila unapohama kutoka kiazi kibovu kwenda kizima. Usionee huruma. Kiazi kimoja kigumu chenye ukubwa wa yai kinatosha kuanza upya, lakini kipande kidogo cha uozo ukikiacha kitarudi na kumaliza kilichobaki. Matawi ambayo kitako chake kimekuwa majimaji yang'oe, lakini majani yake mabichi usiyatupe, nitayarudia.

Baada ya kukata, acha mmea nje ya udongo, kivulini, mahali penye hewa, siku moja au mbili, mpaka majeraha yakauke juu. Wengine hupaka majivu makavu kwenye majeraha. Hayana ubaya, ila kinachofanya kazi kubwa ni ule ukavu wenyewe. Kisha pandia udongo mpya, mkavu, kwenye chungu ambacho viazi vinaingia na kubakiza nafasi ya vidole viwili tu pembeni. Usimwagilie. Hili ndilo watu hushindwa. Subiri wiki nzima, hata siku kumi, ndipo utie maji ya kwanza. Viazi vina maji yao, na majeraha yaliyolowa ni mlango wa ugonjwa uleule.

Kuhusu udongo: sehemu moja udongo mzuri wa bustani au mboji iliyooza sawasawa, sehemu moja mchanga wa mto wenye chembe nene, na sehemu moja ya kitu kinachoacha nafasi za hewa, kama vipande vidogo vya mkaa, maganda ya mpunga au makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Mchanga laini wa kupigia plasta nao unaganda. Ukimwaga maji juu ya mchanganyiko wako na yakatoka chini ndani ya sekunde chache, umepatia.

Majani yamekunjamana na yanadondoka

Dalili hii ndiyo inayochanganya watu zaidi, kwa sababu ukavu na uozo zinaishia mahali pamoja: jani halipati maji. Kwenye ukavu hayapo. Kwenye uozo yapo, lakini mizizi ya kuyapandisha imekufa. Kwa hiyo anayeona majani yamesinyaa na kukimbilia jagi, nusu ya nyakati anazamisha mgonjwa.

Shemeji yangu alinipigia kuhusu hili. "Nimeongeza maji, shemeji, bado inasinyaa." Nikamwuliza chungu kina uzito gani. "Kizito, lakini si ndiyo vizuri?" Haikuwa vizuri.

Chungu chepesi, kijiti kimetoka kikavu, udongo umejitenga na ukingo, tawi lina mikunjo ya kwenda chini kama ngozi ya kidole kilichokaa kwenye maji lakini bado ni gumu: hiyo ni kiu ya kweli. Inatokea baada ya safari ndefu au kwenye chungu kilichojaa viazi tupu. Udongo uliokauka namna hiyo husukuma maji pembeni, ukimwagilia juu yanatiririka ukingoni na kutoka chini huku katikati pakibaki pakavu. Ingiza chungu kwenye beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, kiache dakika ishirini au thelathini, kitoe, kiache kichuruzike kabisa. Ndani ya siku chache matawi yanajaa tena. Majani yaliyokwisha kudondoka hayarudi, na tawi lililopukutika kabisa halioti majani mapya mahali pa yale; mapya hutoka na chipukizi jipya kutoka chini.

Mmea ulioununua juzi ukadondosha majani machache wiki za mwanzo, uache. Umetoka kwenye kitalu chenye neti ya kivuli na unyevu, umefika kwenye chumba chenye feni. Usiuhamishe hamishe.

Ratiba ya maji ninayoweza kuitetea ni hii: mwagilia pale udongo wote umekauka mpaka chini, kisha ongeza siku kadhaa. Kwa chumba chenye mwanga mzuri Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto, hiyo inaangukia wiki mbili hadi tatu. Ofisini kwenye kona yenye kiyoyozi na mwanga hafifu, mwezi au zaidi. Nairobi, Arusha au Mbeya wakati wa baridi ya Juni na Julai, mwezi na nusu si ajabu. Na kazi hiyo iwe ya mtu mmoja. Nyumba nyingi ZZ hufa kwa sababu baba anamwagilia, dada wa kazi anamwagilia, na mtoto naye akibakiza maji kwenye chupa ya shule anamimina humo.

Matawi marefu, membamba, yameelekea upande mmoja

Kukosa mwanga. ZZ inavumilia giza, na wauzaji wamelichukua neno "inavumilia" wakaligeuza "inapenda". Haipendi. Kwenye korido isiyo na dirisha itakaa miezi mingi bila kufa, ikila akiba yake, kisha itatoa tawi refu lenye majani yaliyoachana, laini, linaloinamia mlangoni. Tawi hilo halitakuja kunyooka.

Jaribu hivi saa sita mchana: nyoosha mkono juu ya mmea. Kivuli cha mkono kikionekana, ingawa kingo zake zimefifia, mwanga unatosha. Usipokiona kabisa, sogeza. Dirisha la nyumba zetu nyingi lina pazia zito, nondo na wavu wa mbu uliojaa vumbi, na vyote hivyo vinakula mwanga; mita mbili kutoka kwenye dirisha kama hilo ni giza kwa mmea, hata kama wewe unasoma gazeti bila taa. Osha wavu kwanza, utashangaa. Kisha zungusha chungu robo duara kila unapomwagilia, mmea ukue wima. Tawi lililolala sana likate, au lifunge kwa kamba kwenye kijiti kama roho inakuuma.

Kumbuka kwamba mmea ulio gizani hunywa kidogo zaidi. Kupunguza mwanga bila kupunguza maji ni njia ya mkato ya kurudi kwenye viazi vilivyooza.

Madoa ya kahawia na ncha zilizokauka

Angalia doa liko wapi. Mabaka makubwa yaliyopauka kuelekea weupe au kahawia, makavu, upande mmoja tu wa mmea, ule unaotazama jua: umeungua. Hutokea sana mtu anapouhurumia mmea uliokuwa gizani na kuutoa barazani "upate jua kidogo". Jua la pwani la saa nane halina kidogo. Baka halifutiki. Uondoe juani, na kama unataka kuuzoesha nje, anza na kivuli cha mwembe au jua la asubuhi tu.

Ncha za majani mengi zikiwa kahawia kwa wakati mmoja, huku ukoko mweupe ukionekana juu ya udongo au nje ya chungu cha udongo, tafuta chumvi. Visima vya Dar es Salaam na Mombasa vingi vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo haivukizwi pamoja na maji, inabaki chunguni na kuongezeka. Mbolea iliyozidi hufanya vilevile. Subiri udongo ukauke, kisha peleka chungu bafuni au nje, mimina maji matamu mengi yapite na kutoka chini, rudia mara mbili tatu, acha yachuruzike mpaka tone la mwisho. Kuanzia hapo tumia maji ya mvua, au hata yale yanayodondoka kutoka kwenye bomba la AC. Hayo hayana chumvi, na kila siku yanamwagika bure ukutani.

Doa jeusi au kahawia lenye majimaji, linalotanuka, mara nyingi linarudi kwenye mada ya kwanza: udongo umelowa muda mrefu na hewa haipiti. Kata jani, kagua viazi.

Haikui

Pengine inakua kwa kasi yake. ZZ hutoa matawi kwa mafungu: miezi inapita kimya, kisha machipukizi mawili au matatu yanatoka kwa mpigo, yamekunjwa kama ncha ya mkuki, yanafunguka kwa wiki chache, kimya tena. Baridi nayo inaisimamisha. Chini ya nyuzi 15 hivi hulala tu.

Mwaka mzima bila chipukizi hata moja ni jambo la kuchunguza. Mwanga ndio wa kwanza kushukiwa. Kisha chungu: ukikuta viazi vimebanana, mizizi inatoka tunduni, chungu cha plastiki kimevimba ubavuni au kimepasuka, basi ni nafasi. Hiyo ya kupasua chungu si hadithi, viazi vya ZZ vina nguvu. Hamishia kwenye chungu kilichozidi kwa sentimita tatu hadi tano za upana, si zaidi, au gawanya: tenganisha mafungu ya viazi kwa mkono, kila fungu na tawi lake moja au mawili, na umepata mimea ya kumgawia jirani.

Mbolea naiweka mwisho makusudi. NPK ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara tatu au nne kwa mwaka wakati wa joto, inatosha. Usiweke kwenye mmea mgonjwa au uliotoka kukatwa viazi. Na zile dawa za jikoni, maji ya kuoshea mchele, majani ya chai, maganda ya mayai, zinafaa shimo la mboji kuliko chungu cha ZZ. Mmea unaomwagiliwa mara moja kwa wiki tatu hauna uwezo wa kuvimaliza vitu hivyo. Vinavunda juu ya udongo na kuita vijiinzi vidogo vyeusi.

Vijiinzi, vidung'ata na wengine

Vijiinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu huzaliana kwenye udongo wenye unyevu. Kausha udongo mpaka chini na utawakata kizazi. Tandaza mchanga mnene wa sentimita moja juu ukitaka kuharakisha.

Vidung'ata ni vile vinavyofanana na vipande vya pamba, kwenye maungio ya jani na tawi au kwenye chipukizi, na huacha utelezi wenye sukari unaoita sisimizi. Ukiona msafara wa sisimizi unapanda kwenye ZZ, usiwafukuze kabla ya kufuata wanakokwenda. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa kila kidung'ata, pangusa, rudia kila baada ya siku nne au tano kwa wiki tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa mara moja. Wadudu gamba, vile vidonge vya kahawia vilivyogandamana na tawi, wakwangue kwa ukucha kisha sabuni. Utitiri hupenda chumba kikavu cha kiyoyozi: jani linapoteza mng'ao, lina vitone vya kupauka, na nyuma yake kuna utando mwembamba. Oshea mmea bombani, pande zote za majani, ukiwa umefunika udongo kwa mfuko wa plastiki ili usiloweshe viazi.

Kupangusa majani kwa mafuta ya nazi, maziwa au mayonezi ili yang'ae ni kuyatafutia vumbi. Jani la ZZ lina nta yake. Kitambaa chenye maji kinalirudishia mng'ao wote.

Yanayotisha bure

Madoa meusi au ya zambarau kwenye matawi, karibu na chini, ni rangi ya asili. Usipige dawa. ZZ nyeusi inayouzwa ghali hutoa machipukizi ya kijani kibichi, kisha yanaiva kuwa meusi. Hukudanganywa na muuzaji. Kitu cheupe chenye umbo la kidole, kimevikwa jani dogo na kujificha chini karibu na udongo, ni ua. Halina uzuri wowote.

Ukikuta jani lililodondoka limetoa uvimbe mweupe kwenye kikonyo chake, hicho ni kiazi kinaanza. Hapa ndipo yanapoingia yale majani niliyosema usiyatupe. Ikiwa viazi vyote vimeoza, chukua majani mabichi yaliyobaki, yaache siku moja yakauke kidonda, chomeka ncha ya chini kwenye mchanga wa mto wenye unyevu kidogo, weka penye mwanga usio na jua. Viazi vidogo huja baada ya miezi miwili au mitatu. Chipukizi la kwanza linaweza kuchukua nusu mwaka, hata mwaka mzima. Jani likibaki kijani, lipo kazini. Usilichomoe kila wiki kutazama.

Kuna uvumi kwamba ZZ huleta saratani. Hauna msingi. Lililo kweli ni kwamba ina fuwele za kalsiamu oksaleti, kama magimbi mabichi, na mtoto au paka akitafuna jani mdomo utamwasha na unaweza kuvimba, na tumbo likachafuka. Msuuze mdomo kwa maji, mpe kitu cha baridi, na akivimba koo au akipumua kwa shida mpeleke hospitali papo hapo. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, weka chungu juu ya kabati, karibu na dirisha, na mabaki uliyoyakata usiyaache sakafuni wala kuwatupia mbuzi.